Maelekezo Aliyopewa Kuku

Jumatatu, 8 Septemba. Kalangalala, Geita.

Siku njema kuliko zote tangu niingie kwenye biashara ya sungura. Hapana, ile haikuwa njema. Tuseme tu siku njema.

Mke wangu Vumilia amepigiwa simu na mama yake kutoka Tinde. Marehemu baba mkwe aliacha msumeno wa mnyororo, ule wa injini, na mama mkwe amechoka kuuona umelala kwenye gunia. Nyuma ya jiko lake kuna mkaratusi uliokauka, matawi yanadondoka hovyo, na mwenyekiti wa kitongoji ameruhusu ukatwe. Wakwe wawili tunaitwa. Tuuandae msumeno wiki hii, mti ulale Jumamosi. Atakayefanya kazi ya kueleweka, msumeno ni wake moja kwa moja.

Wakwe wawili ni mimi na Fredy, mume wa Dorah, mdogo wake Vumilia. Kiswahili kinasema Fredy ni mwanyumba wangu. Mimi nina majina mengine ya kumwita, ila shajara inaweza kuangukia mikononi mwa watoto.

Sijapoteza muda. Nimekwenda kwa Rhoda, mama mwenye maduara mawili, mashimo ya dhahabu, kule machimboni. Nikamwambia kuanzia wiki ijayo matimba yake yote, yaani yale magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie wachimbaji shimoni, atayapata kwangu. Akauliza msumeno uko wapi. Nikasema uko njiani. Si uongo. Sikutaja njia.

Nikachora na kibao: KALISTI MATIMBA. Herufi nyekundu. Vumilia akauliza kwa nini nisiupate msumeno kwanza ndipo nichore. Hivi ndivyo wanawake wanavyoua viwanda! Akaongeza kwamba hili nalo likiisha kama sungura, nitakaa naye sokoni kukaanga samaki, na nitavaa aproni. Aproni yenye maua. Ameshanipima mabegani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 9 Septemba. Tinde.

Nimefika. Nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu ataniona kichaa.

Kwetu Wasukuma wa kizamani, na mama mkwe ni wa kizamani hasa, mkwe wa kiume hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Ukimwona njiani unampisha, hata kama pembeni ni miiba. Jikoni kwake huingii. Hamsemezani, ila kwa kupitia mtu wa tatu. Nimeoa kwake miaka kumi na miwili na ninachokijua ni kisogo chake, sauti yake, na khanga moja ya kijani. Mtu wa tatu huwa ni Vumilia, lakini safari hii amegoma kuacha samaki wake. Kwa hiyo mama mkwe amemchagua kuku.

Kuku! Jike jeusi, lenye kiburi. Mama anakaa nyuma ya ukuta wa jiko na kumweleza kuku kila kitu, kwa sauti inayofika mpaka barabara ya lami.

Leo msumeno umetolewa kwenye gunia. Meno butu kabisa. Ukipitisha kidole unajikuna tu. Mama akamwambia kuku kwamba meno ya mnyororo hunolewa kwa tupa ya mviringo, siyo ile bapa ya kunolea panga. Kwamba kuna meno ya kulia na ya kushoto, yamepishana, na kila jino lipate mapigo sawa na mwenzake. Kwamba yeye na marehemu walifanya kazi hiyo pamoja, yeye akinoa, mzee akikata. Kuku alikuwa anakula pumba.

Na mimi? Mimi ni mtu wa heshima. Maneno ya kuku ni ya kuku. Nikageuza uso, nikageuza na masikio, nikachukua tupa ya panga.

Meno ya kulia nimeyanoa yote, yanang'aa. Ya kushoto yalidai niizungushe mashine, na jua lilikuwa upande huo. Yatafuata mkumbo.

Alasiri Fredy akaingia na pikipiki kutoka Kagongwa, anakoendesha mashine ya kukoboa mpunga. Eti shikamoo kaka. Ana tupa ya mviringo, ameifunga kwenye kitambaa safi, kama mtu anayekwenda kubatiza. Kisha akachuchumaa mbele ya kuku, kofia mkononi, akasema amwambie mama kwamba wamefika salama na kila alichosema wamekisikia. Mwanaume mzima! Na ndevu!

Alipokwenda kuoga nimeihifadhi tupa yake ndani ya begi langu, chini ya sweta. Kwa usalama.

Jumatano, 10 Septemba.

Siku ya kukaza mnyororo. Ulikuwa unaning'inia chini ya bamba, ule ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Mama akamwambia kuku kwamba ukazwe kiasi cha kushika bamba tu, lakini ukiuvuta kwa mkono uende bila kinyongo, na ncha ya bamba inyanyuliwe wakati nati zinafungwa. Mambo mengi kwa kichwa kidogo cha kuku.

Mimi nikikaza kitu, kinakazika. Nilikaza mpaka spana ikalia. Nikavuta kamba ya kuwashia. Injini ikanguruma, mtaa mzima ukatoka kutazama, mnyororo haukusogea hata jino moja. Moshi ukatoka, mwingi tu. Nikawaambia naipasha moto.

Nikaona ni wakati mzuri wa kwenda kumsalimia mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mageni, na kumweleza uzoefu wangu. Niliporudi naye, msumeno unaimba, mnyororo unakimbia. Fredy ameulegeza! Akasema kwa upole kwamba kaka alikuwa amekaza kidogo zaidi. Nikamjibu kwamba hatua ya kwanza ni kukaza na hatua ya pili ni kulegeza, na ameniingilia katikati ya hatua.

Mzee Mageni akanipongeza kwa mlio mzuri. Si vizuri kumsahihisha mtu mzima.

Alhamisi, 11 Septemba.

Jua kali. Msumeno una matundu mawili: moja la petroli iliyochanganywa na oili, la pili la oili ya kulainisha mnyororo, na hili la pili lilikuwa kavu. Kuku alishaambiwa asubuhi kwamba mnyororo bila oili unaungua, na kwamba oili ipo gereji, pale pikipiki zinapotengenezwa. Gereji ni mwendo. Dirishani kwa mama mkwe kuna dumu la mafuta ya pamba. Mafuta ni mafuta.

Jikoni kwake siingii, mila inakataza. Ila mila haisemi chochote kuhusu fimbo yenye ndoano. Nililivua dumu kupitia dirishani kama sato. Najivunia.

Nikajaza, nikawasha. Kwa muda mambo yalikwenda. Halafu mashine ikaanza kunukia maandazi. Kwanza akaja mbwa wa jirani, wakafuata wenzake, wakawa wanalamba bamba nikiwapiga teke. Wakaja sisimizi, jeshi zima, wakajipanga mpaka ndani ya kifuniko. Mama mmoja akasimama barabarani na bakuli, akauliza yanauzwaje.

Mama mkwe akamwambia kuku kwamba kuna mtu amemaliza mafuta yake. Kuku akageuka akaniangalia. Sikupenda kabisa.

Vumilia akapiga simu. Ameshajua! Akauliza kama ninamsikiliza mama yake. Nikamjibu kwamba mama yake hajanisemesha neno hata moja tangu nimuoe binti yake. Huo ni ukweli mtupu, unaweza kuuapia kanisani. Akakata.

Ijumaa, 12 Septemba.

Mpango! Niliamka nao.

Mzee Mageni ametangaza kwamba leo kila mmoja ajaribu kwanza kwenye gogo, watu waone. Fredy ataanza kwa sababu ni mdogo. Nikafikiri: je, gogo likimkataa mbele za watu? Wakati anakunywa uji nikafungua kifuniko, nikautoa mnyororo, nikaurudisha umeangalia nyuma. Ukiutazama haraka huoni tofauti. Nyuma ya ukuta mama mkwe akaanza kumwambia kuku kwamba juu ya bamba meno hutazama mbele, kwenye ncha, na yakitazama nyuma yanalamba tu, hayaumi. Sijui alichungulia wapi. Nikaondoka kwa heshima.

Watu wakakusanyika. Fredy akasimama, akavua kofia. Akasema hawezi kushika chombo cha marehemu kabla ya mkubwa wake, aliyeoa binti mkubwa. Itakuwa ni kukosa adabu. Wazee wakaguna kwa furaha. Mzee Mageni akanikabidhi msumeno kwa mikono miwili.

Nikaupokea, nikauwasha.

Nikakandamiza. Nikabadili mguu, nikakandamiza tena. Gogo lilipata joto, likapata rangi ya kahawia, likang'aa vizuri sana. Moshi wenye harufu ya maandazi yaliyoungua. Nikawaeleza watu kwamba mti huu una madini ndani. Sisi wa Geita tunayajua haya. Fredy akaomba spana. Akafungua, akageuza mnyororo, akafunga, akanirudishia kwa adabu. Hilo ndilo lililoniudhi, ile adabu.

Sasa ukakata. Ila kata haikwenda chini; ilipinda upande wa kulia kama mundu. Fredy akatazama meno, akasema ya kushoto hayajanolewa kabisa, na mti mrefu haukatwi kwa msumeno unaopinda. Akauliza kama kuna mtu ameiona tupa yake. Nikasema tupa? Tupa gani? Akaomba tuahirishe mpaka apate nyingine Shinyanga mjini. Nikakataa katakata mbele ya mzee Mageni. Watu wameshaalikwa! Na mkubwa ndiye atakayekata, amesema mwenyewe.

Kesho saa hizi mimi ni mwenye msumeno. Tupa bado iko chini ya sweta. Usiku mwema, Fredy.

Jumamosi, 13 Septemba.

Leo nitaandika kidogo.

Kamba ilifungwa juu ya mti, vijana wakaishika upande wa shamba la pamba lililovunwa. Mti ulale huko. Mama mkwe alikuwa jikoni anapika wali wa watu. Fredy akamwomba kuku amwambie mama atoke. Mama akamwambia kuku kwamba sufuria iko motoni, atatoka akishaipua, na anayekata aangalie kata yake inakokwenda.

Nikakata mdomo, lile pengo la kuuonyesha mti pa kulalia, upande wa shamba. Safi. Nikazunguka nyuma, nikaanza kata ya kuangushia. Msumeno ukaanza kuvuta kulia. Niliuona. Nikajiambia utajirudi. Haukujirudi. Ukala mpaka ukatokeza upande wa pili, na mti ukalia, ukajizungusha taratibu, ukaacha shamba, ukaelekea jikoni. Kamba ikakatika.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilijua mama yumo ndani. Kinywa kilifunguka, na jina halikutoka. Nitamwitaje mama mkwe kwa sauti? Nitaingiaje jikoni kwake? Kuku alikuwa miguuni pangu. Nikapiga kelele: wewe kuku, mwambie mama atoke! Haraka!

Kuku akakimbilia barabarani.

Fredy akanipita. Akaingia mlangoni na mabega yote, akatoka amembeba mama mkwe mikononi, mama bado kashika mwiko. Halafu mti ukalala juu ya jiko. Bati, ukuta, sufuria, wali, vyote chini.

Hakuna aliyeumia. Wanawake walipiga kelele mara mbili: kwa mti, na kwa mwanaume aliyembeba mama mkwe wake mbele ya kijiji. Nikawaambia watu kwamba katika vurugu zote hizi ni mtu mmoja tu aliyeshika mila.

Jumapili, 14 Septemba.

Baada ya misa, kikao. Mzee Mageni amesema kumshika mama mkwe ni kosa, haraka au si haraka, Fredy atoe mbuzi wa kuomba radhi. Mama mkwe akamjibu mzee, yeye mwenyewe, kwamba mbuzi huyo atatoka kwenye zizi lake yeye mama, na hata mbuzi ni kitu kidogo kwa mtu aliyemtoa chini ya mti.

Kisha akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Akachukua kigoda, akaja, akakaa mbele yangu.

Nimemwona uso. Ana mwanya kama wa Vumilia. Sikujua niyapeleke wapi macho.

Akasema, "Baba Serafina, leo kuku hayupo. Nakwambia wewe."

Akasema tangu Jumanne alieleza kila kitu, akakitafuna mpaka kikalainika, ili hata asiyejua ajue. Nikasema mama, nilikuwa nashika heshima. Akatikisa kichwa. Akasema jana aliuona mwanga wa dirishani unazibika, akajua mti unakuja, na magoti yake ni ya kizee, hayakumwinua. Alinisikia vizuri ninavyomwambia kuku.

"Nikawa nasubiri uniite," akasema. "Nilijua Kalisti yuko hapo nje, ataniita."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nilikwenda kwenye begi, nikaitoa tupa, nikaiweka mkononi mwa Fredy mbele ya wote. Akasema ahsante kaka. Ahsante!

Msumeno umekwenda kwa Fredy. Alikaa chini ya kivuli cha nyumba, akanoa meno ya kushoto moja moja, mama mkwe akihesabu mapigo kwa sauti, kisha wakaugawa mkaratusi vipande kabla jua halijazama. Kata zilinyooka.

Kazi yangu ni kujenga jiko upya kabla ya mvua. Vumilia alilia kwenye simu, akashukuru Mungu mama yake ni mzima. Halafu akasema nisikanyage Geita mpaka jiko lisimame.

Jumanne, 16 Septemba.

Nimelala siku mbili na jambo hili, nimelipima kwa utulivu. Kosa ni la kuku. Angekuwa mtu wa tatu mwenye akili, leo ningekuwa na msumeno.

Aibu imepungua. Nimempigia Rhoda, nikamwambia matimba ni biashara ya watu wadogo na sasa mimi ni mjenzi. Akauliza nimejenga nini. Nikasema liko njiani.

Tatizo ni mama mkwe. Tangu Jumapili ananisemesha moja kwa moja, mchana kutwa, bila aibu. Leo amesimama hatua mbili kutoka nilipo, akanitazama usoni, akasema mashimo ya nguzo yafike magotini, udongo umwagiwe maji na kushindiliwa, zikae siku kadhaa ndipo paa lipande. Mama mkwe kumwambia mkwe hivyo, uso kwa uso! Mila inakufa mbele ya macho yetu. Lazima abaki mtu mmoja wa kuishika.

Nikainamisha kichwa, nikageuzia uso pembeni, na masikio nayo. Ardhi ya Tinde ni ngumu kama jiwe. Nguzo nimezichimbia kina cha kiganja, kinatosha kabisa. Mabati yote yako juu. Yanapendeza. Jiko linayumba kidogo upepo ukipita, lakini upepo wa Septemba ni wa vumbi tu, hauna nguvu.

Nimemtuma Fredy amwambie mama kwamba kesho anaweza kuingia kupika.